Mistari Ishirini na Sita

Shuka la hospitali halichakai lote kwa pamoja. Huanzia katikati, pale mgongo wa mgonjwa unapolala, na pembeni hubaki zima kama siku lilipotoka dukani. Fundi Shuka alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika hospitali ile. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulichukua shuka lililolegea katikati, kulipasua kwa urefu, kuvigeuza vile vipande viwili mpaka kingo zilizokuwa pembeni zikutane, kisha kupitisha mshono mmoja mrefu wa bapa, usio na vinundu. Palipochakaa panakwenda pembeni, panachomekwa chini ya godoro, hapamsumbui mtu. Shuka linapata miaka mingine mitatu.

Walikuwepo wagonjwa waliolalamika kwamba mshono unawakera mgongoni. Akiletewa malalamiko hayo alijibu bila kuinua macho: "Mtu akipata nguvu za kulalamikia mshono, mwandalieni nguo zake, huyo anarudi nyumbani."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine za kufulia. Kilikuwa na dirisha moja, cherehani ya kukanyaga, mrundo wa mashuka uliomfika begani, na ukuta uliopitisha mabomba ya boila, wenye joto mwaka mzima. Watu walileta kazi wakaondoka. Aliyekaa kuongea alikuwa mmoja tu, fundi wa boila, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyeingia bila hodi na kukalia mashuka masafi.

"Toa makalio yako kwenye shuka la wodi ya wazazi."

"Mzee, nimewasaidia hao wazazi. Nimewapashia moto."

Nyumbani hakukuwa na wa kukaa kuongea. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yao aliolewa mbali, alipiga simu kila mwisho wa mwezi, akauliza afya, akauliza presha, akauliza kama anakula, kwa mpangilio huo huo, kisha mtoto akalia na simu ikakatwa.

Nyumba yenyewe haikuwa yake. Alikuwa mpangaji kwa miaka ishirini na miwili. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule ndogo na ua wa saruji, na mbele ya mlango kulikuwa na ngazi mbili ambazo sasa zilikuwa tatu. Ile ya katikati, nyembamba kuliko wenzake, aliijenga yeye kwa mikono yake wakati magoti ya mkewe yalipoanza kumtesa. Mkewe aliikanyaga miezi minane tu. Fundi Shuka magoti yake yalikuwa mazima, lakini hakuwahi kuiruka. Kupanda aliikanyaga, kushuka aliikanyaga, kama mtu anayetoa salamu.

Basi mama mwenye nyumba akaamua kuhamia kwa mwanawe na kuuza. Alikuja mwenyewe, akasimama uani na mkoba wake kwapani.

"Nakupa wewe kwanza, baba. Miaka yote hii hujanifanya nikufuatefuate kwa kodi. Lakini yule mwenye duka la saruji ana hela mkononi, na hataki nyumba, anataka kiwanja. Ataivunja yote ajenge stoo."

"Na ngazi pia?"

Mama mwenye nyumba alimtazama kidogo. "Baba, mtu akivunja nyumba anabakiza ngazi za kwenda wapi?" Kisha akalainisha sauti. "Nakusubiri miezi minne. Usije ukaniomba hata wiki moja ya mwezi wa tano."

Ndiyo maana asubuhi moja aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lenye mikono mirefu, akaenda benki inakopitia mishahara yao. Alipelekwa kwa binti wa mikopo, msichana mpole mwenye kalamu nene ya kijani, ambaye alisoma karatasi zake moja moja akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Mshahara uko vizuri, baba. Huna deni. Una akiba. Umri unaruhusu, kwa kubana." Akafika kwenye taarifa ya akaunti ya miezi sita, na kichwa kikaacha kutikisika. Akafungua kalamu. Akachora mstari wa kijani, akafunua ukurasa, akachora mwingine. Fundi Shuka alisikia ile kalamu ikilia kwenye karatasi kama panya.

"Naomba nikuulize, na usinikasirikie. Unabeti?"

"Kidogo tu, binti yangu."

"Mara ngapi?"

"Jumamosi."

"Kila Jumamosi?" Akamgeuzia karatasi. Jina lilikuwa moja, la kampuni ya kubeti, na kiasi kilikuwa kile kile, juma baada ya juma. "Ni mistari ishirini na sita. Miezi sita nzima hukukosa hata juma moja."

"Lakini ni hela ya mkate. Angalia mwenyewe. Mkate mmoja!"

"Nimeona, baba. Kamati ya mikopo haiangalii mkate, inaangalia idadi. Mtu akikosa mara moja moja, wanasema anajifurahisha. Asipokosa kabisa, wanasema huyu hawezi kuacha. Na kwa mkopo wa nyumba tunakwenda na mtu miaka mingi."

"Ningeweka hela nyingi siku moja, je?"

"Wangekuuliza siku moja." Alicheka, akajiziba mdomo, akaona aibu kwamba amecheka. "Sikiliza baba, nikikupeleka leo watakukataa, na kukataliwa kunabaki kwenye faili. Nenda ukakae miezi mitatu bila mstari hata mmoja. Uniletee taarifa mpya, na hii fomu uisaini kwamba huchezi kamari. Na barua ya maelezo. Ueleze ilikuwaje. Kulikuwa na sababu?"

Fundi Shuka alizikusanya karatasi zake. Sababu ilikuwepo. Ila haikuwa ya kuingia kwenye barua.

Alikuwa na kaka yake, mmoja tu, wa baba na mama. Tangu utotoni walimwita Refa, kwa sababu alijua kupiga mluzi kwa vidole viwili, na penye mchezo wowote wa watoto yeye ndiye aliyeamua nani kafunga na nani kaanguka kwa makusudi. Ukubwani akawa mlinzi wa ghala katika mji wa mbali, safari ya kutwa kwa basi. Siku ya maziko ya shemeji yake, mke wa Fundi Shuka, basi liliharibika njiani. Alifika watu wameshakung'uta udongo mikononi, akiwa amebeba blanketi jipya la kuwafariji wafiwa. Na Fundi Shuka, ambaye kwa kawaida ni mtu wa sauti ya chini, akamwambia mbele ya watu: "Umefuata nini sasa? Au umekuja kuwahi chakula?"

Refa aliweka blanketi kwenye benchi, akageuka, akarudi stendi.

Zaidi ya mwaka walikaa bila neno. Fundi Shuka aliomba msamaha kwa Mungu kila siku, na kwa kaka yake hata mara moja. Mungu alikuwa karibu. Kaka yake alikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa nzito kuliko gunia.

Kisha Jumamosi moja simu ikalia, na ujumbe ukawa umetoka kwa Refa. Ulikuwa na herufi na tarakimu zilizochanganyika, na chini yake maneno mawili: "Weka hii."

Aliusoma mpaka akauhifadhi kichwani. Hakuelewa. Jumamosi ile alikuwa kazini, akamwonyesha fundi wa boila, naye akacheka mpaka mabomba yakaitikia.

"Mzee, hii ni namba ya mkeka! Kaka yako ametandika mkeka, anataka na wewe ukae."

Akamfafanulia. Unachagua mechi kadhaa, unazifunga pamoja, huo ndio mkeka. Zote zikitokea ulivyosema, umekula, yaani umeshinda hela. Moja ikikataa, mkeka umechanika. Akachukua simu ya mzee, akamfungulia akaunti ya kubeti, na kwa kuwa mshahara ulikuwa benki, akaunganisha na benki.

Fundi Shuka alijua si jambo safi. Aliomba toba kabla ya kuweka, na akaomba tena baada ya kuweka. Lakini kaka yake angeandika "samahani", asingejua ajibu nini. Hii alijua. Akaweka hela ya mkate, akaandika: "Nimeweka."

Jioni likaja neno moja: "Umechanika."

Alikaa na simu mkononi, akaandika lililomjia kama mtu wa kazi yake: "Tutashona."

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila Jumamosi. Weka hii. Nimeweka. Umechanika. Tutashona. Hawakuulizana afya, wala marehemu, wala blanketi. Mara chache mkeka ulileta vijisenti, na hapo Refa aliandika "Umekaa," naye akajibu "Haya." Hicho ndicho kilichokuwa kwenye mistari ishirini na sita. Binti wa mikopo aliona kamari. Fundi Shuka alipoitazama ile mistari ya kijani, aliona kila siku ambayo mtu alimkumbuka.

Alipomweleza fundi wa boila habari za benki, huyu aliona ni jambo dogo.

"Kosa langu, ningekuunganisha na laini ya simu. Haina shida. Nipe namba kila Jumamosi, nikuwekee kwa simu yangu. Benki itajulia wapi?"

"Kuna fomu ya kusaini kwamba sichezi."

"Si utakuwa huchezi? Nitakuwa nacheza mimi."

"Na hela?"

"Yako."

"Basi nacheza mimi."

"Mzee, Mungu mwenyewe hawezi kuwa mkali kiasi hicho."

"Yeye sijui. Mimi ndiye nitakayelala kwenye nyumba hiyo." Akakanyaga cherehani, mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi ya kwanza ya kuacha, alikaa kwenye ile ngazi ya katikati na simu magotini. Ujumbe ukaingia saa ile ile. "Weka hii."

Aliandika: "Kaka, mimi nimeacha." Akafuta. Ilikuwa kama kumsuta mkubwa wake. Akaandika: "Benki imenikataza." Akafuta. Ilikuwa kama mtoto anayeshtaki. Akafikiria kupiga simu, akaacha. Kwamba Refa angenyamaza tena, hilo ndilo aliloliogopa. Alishajua nyumba inavyokuwa mtu akinyamaza.

Akaandika: "Nimeweka." Na hakuweka.

Jioni: "Umechanika." Akajibu: "Tutashona."

Haikuwa ngumu. Hilo ndilo lililomuuma. Jumamosi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Taarifa ya benki ilikuwa inasafishika, na yeye alikuwa anajisikia mchafu kuliko alipokuwa anaweka. Zamani, akishaweka, alifungua redio kusikiliza matokeo, akajua kaka yake naye kule ghalani ana redio sikioni, wanasikia bao moja kwa wakati mmoja. Sasa redio haikumhusu. Aliizima, akafagia ua uliokwisha fagiliwa.

Jumamosi ya saba, jua likiwa bado kali, simu haikuleta ujumbe. Ililia. Refa alikuwa anapiga.

Fundi Shuka alisimama wima kabla ya kupokea.

"Mdogo wangu!" Ile sauti! Ilikuwa imezeeka, ina mikwaruzo, lakini ni ile ile ya uwanjani. "Umekaa! Mechi zote tisa! Tisa, mdogo wangu, hata moja haikukataa! Umeona?"

"Kaka..."

"Ni mishahara ya miezi minne! Kwangu minne, kwako minne! Nimepiga mluzi hapa mpaka mbwa wa ghala wamekimbia. Nikasema leo situmi ujumbe, leo nampigia. Nikasema leo tunayo ya kuongea. Ukichukua zako na mimi nikichukua zangu, nakuja huko. Unanisikia? Nakuja, nikalione kaburi la shemeji yangu, maana sikuliona."

Fundi Shuka alishika nguzo ya mlango. Jamani, neno alilolisubiri miaka miwili lilikuwa limefika, na limefika kwenye mkeka ambao hakuukalia.

"Kaka, mimi sikuweka."

"Hukuweka nini?"

"Wa leo. Sikuweka."

"Uliniandikia umeweka."

"Niliandika. Na wa juma lililopita sikuweka. Yote saba sikuweka." Akamweleza, kwa haraka na kwa kujikanyaga, habari za benki, kalamu ya kijani, nyumba, mwenye duka la saruji. "Niliogopa nikikwambia nimeacha, utanyamaza."

Upande wa pili kulikuwa na mbwa anabweka mbali, na pumzi ya mtu.

"Kwa hiyo majuma yote haya nilikuwa nakaa peke yangu," Refa alisema. "Mimi naandika umechanika, naumia kwa ajili ya wawili. Wewe umekaa kwako huna habari."

"Nilikuwa na habari, kaka. Kila Jumamosi nilikuwa..."

"Nikwambie na mimi la kwangu?" Furaha yote ilikuwa imetoka kwenye ile sauti. "Ile namba ya kwanza haikuwa yako. Nilikuwa namtumia mlinzi mwenzangu, kidole kikateleza. Nikaona jina lako, nikasema nimekwisha, atanitukana. Ukajibu umeweka. Nikasema basi, Mungu kaamua. Kumbe mimi nilianza kwa makosa, na wewe umemalizia kwa uongo. Tumefanana kweli, watoto wa mama mmoja."

"Kaka, nisamehe. Na ya siku ile ya maziko..."

Simu ilikuwa imekatwa. Hakujua kama aliisikia ile sehemu ya mwisho au hakuisikia.

Jumamosi ya nane hakukuja kitu. Ya tisa hakukuja kitu. Fundi Shuka alikaa kwenye ngazi saa ile ile, kisha akaingia ndani. Alijaribu kupiga mara mbili, ikaita mpaka ikachoka. Kazini alishona mashuka mengi kuliko alivyowahi kushona, na fundi wa boila akaanza kupiga hodi, jambo lililomtisha zaidi kuliko kimya.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi benki. Binti wa mikopo alifunua kurasa na kalamu ikiwa imefunikwa.

"Hakuna hata mmoja, baba. Hongera sana." Akasoma barua. Ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia shule ya msingi: *Nilikuwa naweka kwa sababu ya ndugu yangu. Sasa siweki.* Aliisoma mara mbili. "Ndugu yako naye ameacha?"

"Sijui, binti yangu. Hatuongei."

Binti wa mikopo aliibana ile barua kwenye faili taratibu, kama anayeweka kitu kinachovunjika.

Mkopo ukapita. Mama mwenye nyumba alipokea hela yake siku tisa kabla ya miezi minne kuisha, akamwachia funguo zote, hata za makufuli yaliyokwisha tupwa. Alipoondoka, Fundi Shuka alifunga lango, akatembea chumba hadi chumba. Cha kwanza kilikuwa chake, na cha pili, na sebule, na ua. Alikaa katikati ya sebule akingoja furaha. Ilikuja kidogo, ikakaa kidogo. Akatoka nje, akamwaga maji kwenye ngazi zote tatu, akazisugua kwa brashi, ile nyembamba akaisugua mwisho na kwa muda mrefu. "Hawaivunji," akasema kwa sauti. Jirani aliyepita alifikiri anasalimiwa, akaitikia.

Juma lile alinunua kitanda cha pili, cha mtumba, chenye mguu mmoja mfupi. Akauwekea kipande cha ubao. Na Jumamosi, saa ile ile, alichukua simu. Kwa miezi yote ile Refa ndiye aliyeanza, yeye alikuwa anajibu tu. Hakuwahi kuanza yeye. Aliandika polepole, herufi moja moja:

"Nyumba nimeipata. Chumba cha pili kina kitanda. Kaburi nitakupeleka mwenyewe. Siku ile nilikosea."

Akatuma kabla kidole hakijaghairi.

Jumamosi hiyo haikuleta jibu. Jumapili alikwenda ibadani, akarudi, hakuna. Jumatatu, Jumanne, hakuna. Jumatano mchana alikuwa amelishika shuka la wodi ya wanaume, katikati ya kupasua, simu ikatetema juu ya meza ya cherehani.

Ilikuwa imetoka kwa Refa. Maneno mawili.

"Kina shuka?"

Fundi wa boila, aliyekuwa mlangoni, alimwona mzee amekaa na mkasi hewani, hacheki wala halii. "Kuna nini? Mkeka?"

"Hapana. Anauliza shuka."

"Nani?"

Fundi Shuka alikuwa anawaza sanduku lililo chini ya kitanda chake, ambamo mkewe aliweka shuka moja la harusi ambalo halikuwahi kutandikwa, kwa sababu kila mara alisema ni la mgeni. Lilikuwa zima, halina mshono katikati. Lingehitaji kufuliwa, limekaa sana. Na blanketi lipo, lile lililoachwa kwenye benchi, hakuwahi kulitumia.

Hakujua kama Refa anatania, au anakuja, au anataka tu kujua. Aliweka mkasi chini, akafuta vidole vyake kwenye suruali, akaandika:

"Linalo. Njoo."

Akaona amekosea, kwamba ni chumba, ilipaswa kuwa "kinalo". Akaiacha hivyo hivyo, akatuma.